Mgonjwa Asiyejua Kuumwa

Nchi yetu ya Tulizana haimo kwenye ramani, na sisi wananchi wake tunaomba isiwekwe, maana watu wakishajua unakoishi huanza kuja na maswali. Tuna mlima mmoja, ziwa moja, na Wizara ya Akili Timamu ambayo jengo lake linauzidi mlima kwa ghorofa kadhaa. Mimi ni mtumishi wa wizara hiyo. Cheo changu ni Mchangamshaji wa Semina, daraja la kwanza. Washiriki wakianza kusinzia baada ya chakula cha mchana, ninasimama mbele na kusema, "Pasheni mikono," nao wanapasha. Sijisifu, lakini kama yupo anayejua makofi ya kilo, makofi ya mvua na makofi ya heshima kwa wageni wa kitaifa kunishinda mimi, ajitokeze tukutane ukumbini.

Leo nataka kusimulia jinsi serikali yetu sikivu ilivyowaendeleza kielimu madaktari wa magonjwa ya akili, na jinsi fundi cherehani mmoja alivyotaka kuturudisha nyuma kwa kupona.

Jambo lilianza siku Waziri wetu, Mheshimiwa Madahiro, aliporudi kutoka ziara ya nje. Huko alikokwenda alimkuta daktari mzee, kichwa cheupe kwa mvi, amekaa darasani na kalamu sikioni. Mheshimiwa akauliza mzee huyu alifeli mtihani gani. Wenyeji wakamweleza kwamba hakufeli, ila kwao madaktari wanasoma mpaka wanastaafu, hasa wanaotibu yale maradhi ya akili yaliyosokotana, ambapo mtu mmoja ana sauti kichwani, ana huzuni, na ana kifafa, na dawa ya hili inalichokoza lile. Mheshimiwa alirudi na wivu wa maendeleo. Pale pale uwanja wa ndege, kabla hata hajapokea shada la maua, akatangaza Sheria ya Elimu Isiyokoma.

Sheria ilikuwa na kifungu kimoja tu, nami nilikipenda kwa ufupi wake. Kilisema kwamba ni marufuku kwa daktari kuacha kujifunza, na ni marufuku pia kumtibu mgonjwa mwenye maradhi yaliyosokotana wakati daktari bado anajifunza. Wanasheria walikisoma na kukirudia, wakasema kimekaa vizuri. Basi madaktari wote wa akili wakahamia Hoteli ya Amani Tele kwa masomo. Hospitali ikabaki na mlinzi, ambaye alielekezwa kuwaambia wagonjwa wavumilie, na nasikia alikuwa akiwaambia kwa adabu kabisa.

*

Mada ya kwanza ya semina iliitwa Kumsikiliza Mgonjwa. Mratibu alikuwa Bwana Fungameza, mtu mwenye fulana ya semina kwa kila siku ya juma na anayeamini kuwa ratiba ikivunjwa nchi nayo inaanza kuvunjika. Kama desturi ilivyo, kabla ya mada kila mshiriki alisimama ataje matarajio yake na hofu yake. Wengi walitarajia kujifunza mengi na kuhofia muda kutotosha. Ndipo akasimama Daktari Ngwilizi, mama wa makamo aliyevaa viatu vya kutembelea umbali mrefu.

"Matarajio yangu ni kuondoka," alisema. "Hofu yangu ni mgonjwa wangu Shemweta, fundi cherehani. Dawa yake ya zamani ilikuwa inazinyamazisha sauti lakini inamletea kifafa. Nimembadilishia. Hii mpya inaongezwa kidogo kidogo, na kila wiki lazima nimwone. Nisipomwona, ama sauti zitamzidi ama ataanguka barabarani."

Bwana Fungameza aliinamisha kichwa kuonyesha kwamba ameguswa. "Asante kwa mchango, Daktari. Lakini mada ya leo ni Kumsikiliza Mgonjwa. Ukienda kumsikiliza mgonjwa, utaikosa."

"Mada ninaijua. Ninayemhitaji ni mgonjwa."

"Hiyo tutaiegesha."

Niwaeleze wasiojua. Katika semina zetu kuna karatasi kubwa ukutani iitwayo Maegesho, ambapo mambo mazito yanabandikwa yasubiri siku yake. Sijawahi kuona jambo likitoka pale, ila yanakaa kwa mpangilio mzuri. Shemweta akabandikwa kati ya "upungufu wa vitanda" na "choo cha ghorofa ya pili", nami nikawaongoza washiriki kupiga makofi ya kilo kwa kuegesha kwa umoja.

*

Kesho yake Shemweta mwenyewe akafika getini. Aliletwa na dada yake mkubwa, Namsifu, mwanamke mwenye macho ya mtu ambaye halali ili mwenzake alale. Walikuwa wamekwenda kwanza hospitali, yule mlinzi akawaambia wavumilie, wakavumilia hadi jua lilipokuwa kali, kisha wakauliza madaktari wako wapi.

Nilikuwa getini nikipokea spika zangu. Mlinzi wa hoteli akawauliza, "Nyinyi ni washiriki?"

"Ni wagonjwa, baba," alisema Namsifu. "Yaani mgonjwa ni huyu. Mimi dada yake."

"Wagonjwa hawaingii, mama. Hapa kuna semina ya mambo ya wagonjwa."

Shemweta alikuwa mwembamba, futi ya kupimia nguo shingoni, mikono ikitetemeka, midomo ikicheza bila sauti. Mimi elimu ya tiba sina, lakini nilimwonea huruma, na huruma haijakatazwa kwa watumishi wa daraja la kwanza. Nikawapenyeza ndani pamoja na spika zangu, nikampa habari Daktari Ngwilizi, na wakati wa chai akaja kumwona nyuma ya mabirika, Namsifu amesimama mbele yao na kanga ameitandaza kama anaikausha.

Daktari alikuwa anamuuliza habari za usingizi Bwana Fungameza alipotokea na sambusa mkononi.

"Daktari, unatibu wakati wa elimu?"

Mama yule hakuinua hata macho. "Sitibu, Bwana Mratibu. Tunafanya igizo dhima."

Igizo dhima, kwa wasiolifahamu, ni ule mchezo wa semina ambapo mmoja anajifanya daktari na mwenzake anajifanya mgonjwa, wengine wanatazama na kujifunza. Uso wa Bwana Fungameza ulichanua. Ratiba ilikuwa inasema igizo dhima baada ya chai, na watu wa kujitolea walikuwa hawajapatikana. Tatizo lilikuwa moja tu, kwamba mwongozo unataka anayeigiza mgonjwa awe mshiriki, kwa sababu mgonjwa wa kweli huleta taharuki. Shemweta akapewa fulana, begi na kitambulisho kilichoandikwa MSHIRIKI, akaingizwa ukumbini kwa makofi.

*

Walikaa kwenye viti viwili mbele ya watu. Daktari Ngwilizi akamuuliza sauti ziko vipi.

"Ziko mbili," alisema Shemweta polepole, mikono mapajani. "Mmoja ananiambia pindo limepinda. Wa pili ananiambia nilifumue. Nikishalifumua, yule wa kwanza anacheka."

"Na wewe unafanyaje?"

"Nashona tena. Nguo ya mtu mmoja naweza kuifumua mpaka kitambaa kinakwisha."

Daktari akampima, akamuuliza kama ameanguka, akatoa vidonge kwenye mkoba wake na kumwelekeza namna ya kuongeza. Ukumbi mzima ulikuwa ukimwona mtu akitibiwa, na hakuna aliyestuka. Niliona ni uigizaji wa hali ya juu. Jopo la tathmini halikukubaliana na mimi.

"Tumpongeze mwenzetu kwa kujaribu," alisema Bwana Fungameza. "Lakini tuseme ukweli, uhalisia haupo. Nani amewahi kumwona mgonjwa wa akili amekaa namna ile? Anajibu anachoulizwa. Daktari Kihundwa, hebu tuonyeshe."

Daktari Kihundwa alikuwa bingwa mwenye shahada zinazojaza ukuta. Alivua kiatu, akakisalimia, akakipigia simu, kisha akazunguka ukumbi akiwika. Watu walisimama kwenye viti. Makofi ya kilo niliyopigisha siku ile yalitikisa glasi.

"Huyo sasa ndiye mgonjwa," alisema Bwana Fungameza, akijifuta machozi.

Shemweta, aliyekuwa amekaa karibu yangu, alimtazama Daktari Kihundwa kwa wasiwasi mkubwa. Akaninong'oneza, "Yule bwana imemwanza lini?"

Nikamwambia anaigiza. Akatikisa kichwa na kusema, "Maskini, pole yake."

*

Ikawa desturi. Kila wiki Shemweta alikuja kucheza mgonjwa, Daktari Ngwilizi akacheza daktari, dawa ikaongezwa. Na hapo ndipo tatizo la kitaifa lilipoanza, kwa sababu dawa ilimkubali. Kifafa hakikurudi. Mikono ikatulia. Wiki ile sauti ya pili iliyokuwa ikimwambia afumue ilipoondoka, alama zake za uigizaji zilishuka mpaka jopo likaomba kikao cha dharura. Wakati wa chakula cha mchana alianza kuzunguka meza kwa meza akiwarekebishia washiriki fulana za semina, ambazo kwa kweli zilishonwa vibaya. Namsifu naye alianza kulala. Siku moja nilimkuta anacheka na wapishi, nikagundua kuwa ni msichana tu, si mama mtu mzima kama nilivyodhani.

Bwana Fungameza alimwita Daktari Ngwilizi pembeni. Nilikuwepo kwa sababu pembeni ndiko spika zangu zilikokuwa.

"Mwigizaji wako anazidi kuharibika, Daktari. Mwanzoni angalau alikuwa anatetemeka. Sasa hana kitu. Jana ameniuliza hali ya watoto wangu."

"Huko ndiko tunakotaka afike."

"Wewe labda. Semina inataka mgonjwa. Mheshimiwa Waziri anakuja kutufungia awamu, na igizo ndilo kilele cha shughuli. Kijana wako asipoonyesha uhalisia mbele ya mgeni rasmi, namtoa, namweka Kihundwa."

"Ukimtoa atapata wapi dawa? Hospitali ina mlinzi tu. Dawa hii haikatwi ghafla, Bwana Mratibu. Ikikatwa, zile sauti zinarudi na nyingine juu yake, na kifafa kinakuja nazo."

"Tumuegeshe?" aliuliza Bwana Fungameza, kwa moyo mweupe kabisa.

Namsifu alipopewa habari alikaa chini kwenye zulia la hoteli. Akatueleza kuhusu siku ya soko. Kabla ya kupata daktari, Shemweta alipanda juu ya meza ya muuza vitambaa, akavua shati, akaanza kuvuta majora na kupiga kelele kwamba pindo la dunia limefumuka na watu washike kingo. Walimrushia nyanya, wakamfunga kwa kamba za mabunda ya mitumba, na watoto wakamtungia jina la kejeli. Tangu hapo hapiti sokoni. Akitaka uzi anazunguka nyuma ya kituo cha polisi, njia ndefu, aje dukani kwa mlango wa uani.

"Hajawahi kuitaja siku ile," alisema Namsifu. "Hata mimi siitaji. Nimeitaja leo kwa sababu mnataka uhalisia, nikaona mjue gharama yake."

Bwana Fungameza alikuwa ameshaondoka kwenda kukagua mapazia.

*

Siku ya mgeni rasmi ilifika. Mheshimiwa Madahiro aliingia, tukasimama. Alikaa, tukakaa. Akasimama tena kutoa hotuba.

"Ndugu washiriki, itifaki imezingatiwa. Mimi si daktari, lakini nimeongoza wizara hii kiasi kwamba nikimwangalia mtu usoni najua. Huko nyuma mgonjwa alikuwa anatibiwa na daktari mwenye elimu ileile ya juzi. Hiyo ni aibu. Leo hii, katika Tulizana, hakuna daktari hata mmoja anayetibu kwa elimu ya juzi. Nawauliza, yupo?"

Hakuwepo, kwa kuwa hakuwepo aliyekuwa anatibu. Tukapiga makofi. Aliendelea kwa upana juu ya reli, mazao na maadili, chai ikapoa, ikapashwa moto, ikapoa tena, ndipo akasema kwamba ana hayo machache tu.

Igizo likaanza. Daktari Ngwilizi na Shemweta wakakaa kwenye vile viti viwili. Mbele yao, kwenye ukingo wa meza kuu, palikuwa na pakiti ya dawa za mwezi mzima, maana daktari alikuwa ameona sasa anaweza kumwachia za mwezi.

"Unalala?" aliuliza daktari.

"Nalala."

"Sauti?"

"Imebaki ile moja, nayo imenyamaza. Siku nyingine namsikia anavuta pumzi kama mtu anayetaka kusema, halafu anaacha." Akafikiri kidogo. "Nashona sare za shule. Nikishona pindo, linabaki limeshonwa."

Nilitazama meza kuu nikidhani nao wameguswa kama mimi, lakini Mheshimiwa alikuwa anamuinamia Bwana Fungameza, kipaza sauti kikiwa wazi.

"Huyu anaumwa nini?"

"Mheshimiwa, ni mgonjwa wa maradhi yaliyosokotana, ni kwamba tu mwigizaji wetu leo..."

"Mimi namwona mzima."

Kwetu Tulizana neno la Waziri likishapita kwenye kipaza sauti ni sheria. Bwana Fungameza alisimama na kutangaza kwamba mgonjwa ametamkwa kuwa mzima. Nikaongoza makofi, kwa sababu ndiyo kazi yangu.

"Na mzima hapewi dawa," aliendelea Mheshimiwa, akiivuta ile pakiti na kuiweka mbele yake karibu na maji. "Dawa za serikali ni za wagonjwa."

Daktari Ngwilizi aliinuka. "Mheshimiwa, huyu ni mzima kwa sababu anazimeza."

"Hiyo ni mada nyingine, Daktari. Iegesheni."

Bwana Fungameza tayari alikuwa amefungua kalamu. Shemweta aliitazama pakiti yake pale juu. Kisha akanigeukia mimi niliyekuwa karibu, akauliza kwa sauti ya chini, "Ndugu yangu, wakiona naumwa watanirudishia?"

Nikasema nadhani ndiyo. Mpaka leo najiuliza ningesema nini kingine.

Alivua ile futi shingoni, akaikunja vizuri, akampa dada yake.

"Acha, mdogo wangu," alisema Namsifu. "Tutatafuta njia nyingine."

"Njia ipi, dada?"

Shemweta akafungua vifungo vya shati, kimoja kimoja, akalivua, akapanda juu ya meza kuu.

Nilitarajia ataongea na kiatu kama Daktari Kihundwa. Hakufanya hivyo. Alifanya siku ya soko, yote, kama ilivyokuwa. Alivuta kitambaa cha meza, mashada ya maua yakaanguka, akapiga kelele kwamba pindo la dunia limefumuka na watu washike kingo, akajikinga uso na nyanya ambazo hakuna aliyezirusha. Namsifu alijifunika kanga mpaka kichwani. Mimi nilikuwa karibu, nikaona kitu ambacho wa nyuma hawakukiona. Kila alipogeuka, jicho lake lilikuwa likiangalia pakiti isimwagikiwe maji.

Ukumbi mzima ulisimama. Mheshimiwa alipiga makofi mpaka pete ikamtoka. Bwana Fungameza alikuwa analia waziwazi, akirudia neno moja, "Uhalisia, uhalisia." Jopo likatoa alama zote na kuomba ruhusa ya kuongeza. Mheshimiwa akatamka kwenye kipaza sauti kwamba mgonjwa ni mgonjwa, akaichukua pakiti na kumkabidhi Daktari Ngwilizi kwa mikono miwili, wapiga picha wakiwa tayari.

Shemweta alishuka. Akavaa shati, akaokota maua na kuyarudisha kwenye chombo, akatandaza kitambaa na kulinganisha pindo lake pande zote. "Samahani, Mheshimiwa," alisema, "nimekulowesha." Mheshimiwa hakusikia kwa kelele za makofi. Daktari Ngwilizi alimpa dawa zake bila kumtazama machoni, na nilijua ni aibu, kwa sababu nami nilikuwa nayo.

Bwana Fungameza akanipungia mkono nipigishe makofi ya kilo. Niliinua mikono. Haikugongana. Tangu niajiriwe haijawahi kunitokea. Ilibidi ukumbi ujipigishe wenyewe.

*

Mambo sasa yako vizuri. Igizo la Shemweta limefanywa mtaala wa taifa. Awamu ya kwanza ilifungwa asubuhi, na ya pili ikafunguliwa mchana wa siku ileile ili sheria isivunjwe. Kila mwezi, kabla ya kupewa dawa zake, Shemweta huja hotelini kuthibitisha kwamba anaumwa. Anavua shati, anapanda mezani, dunia inafumuka, madaktari wanaandika, anashuka, anavaa, anapewa pakiti. Wagonjwa wengine nao wamejipanga getini wakisubiri kujaribiwa uigizaji. Wengi wanakaa kimya tu wakitazama chini, kwa hiyo wanafeli. Bwana Fungameza anasema watu wetu hawana vipaji.

Mwezi huu Shemweta alinifuata baada ya kumaliza, futi shingoni, vumbi la chaki vidoleni. Nilikuwa nafunga spika. Tangu siku ile nimeomba nihamishiwe upande wa mapazia, na ombi langu limeegeshwa.

"Ndugu yangu," aliniambia, "mwezi ujao naomba mnipangie asubuhi. Mchana nina wateja."

Nikamwambia asubuhi ni sawa, kabla ya chai. Alishukuru, akaninyoshea ukosi wa shati uliokuwa umekunjika, akaenda zake kwa njia ya nyuma ya kituo cha polisi.